Sentensi Mbili za Malango ya Mwinyikombo

Mimi ni Idarusi bin Shomari bin Mwinyikombo. Babu yangu Mwinyikombo ndiye aliyesimamia uchimbaji wa mfereji unaoyateremsha maji ya bwawa kutoka mlimani, ukayapitisha ubavuni mwa mtaa wa Bondeni, ukayafikisha mtoni bila kumsumbua mtu. Baba yangu Shomari alikuwa mlinzi wa malango mawili ya mfereji huo, na hakuna aliye hai wala aliye kaburini awezaye kudai kwamba katika enzi za Shomari aliamka akakuta viatu vyake vinaelea. Mimi mwenyewe nilikuwa mkaguzi wa shule, katika zama ambazo mwanafunzi alisimama mwalimu alipoingia, na mwalimu alisimama mkaguzi alipoingia. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa sababu za kujisifu ninazo. Nayasema ili msomaji ajue kwamba habari hii haisimuliwi na mtu aliyeokotwa barabarani.

Nchi yetu, kama ilivyotangazwa mara nyingi, ndiyo nchi iliyo wazi kuliko zote duniani. Mambo yalianza pale serikali ilipochukua programu huria kuendeshea maji, yaani programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua tumbo, kuyatazama matumbo yake na kurekebisha palipokosewa. Wazo hilo liliwapendeza wakubwa kiasi kwamba waliifanya dola nzima kuwa huria. Rais akaacha kuitwa Rais, akaitwa Mtunzaji Mkuu. Mawaziri wakawa Watunzaji Wasaidizi. Sisi tuliokuwa raia tukawa Wachangiaji. Magari yalibaki yaleyale, na ving'ora vilevile. Juu ya mlango wa kila wizara paliandikwa MLANGO UKO WAZI, na chini ya maandishi hayo aliwekwa askari wa kuhakikisha kwamba hakuna anayeupita.

Siku ya uzinduzi Mtunzaji Mkuu alihutubia uwanjani. "Ndugu Wachangiaji," alisema, "serikali zilizopita ziliwaficheni makosa yao. Sisi tumeyaweka makosa yetu mahali ambapo kila mmoja wenu anaweza kuyaona, na tunaahidi kwamba tutayaacha hapohapo." Uwanja mzima ulisimama na kupiga makofi. Nami nilisimama, kwa kuwa nilifunzwa adabu.

*

Maelekezo ya kufungua malango yalikuwa katika ukurasa mmoja wa tovuti ya taifa. Ulikuwa ukurasa mbaya wa sura, mwema wa tabia. Sentensi yake ya kwanza ilisema: Fungua lango la chini mpaka mwisho na uhakikishe kwamba maji yanatoka kwenda mtoni. Ya pili ilisema: Fungua lango la juu. Mtoto wa darasa la kwanza anaelewa maana ya mpangilio huo. Bwawa likijaa kwa mvua, lango la juu huyaachia maji yake yaingie mferejini. Lango la chini huyatoa mferejini yaende mtoni. Ukifungua la juu kabla ya la chini, maji yatatafuta pengine pa kwenda, na hapo pengine ni mahali pamoja tu, napo ni Bondeni.

Sasa ikatukia kwamba Mtunzaji Msaidizi wa Mwonekano, katika kuipamba tovuti kwa ajili ya sikukuu ya taifa, aliutazama ukurasa huo akaumia moyoni. Aliona sentensi ndefu imeikalia kichwani sentensi fupi. Akaagiza kwamba katika tovuti nzima sentensi zipangwe kwa urefu, fupi juu na ndefu chini, ili kila ukurasa ufanane na ngazi ambayo taifa linaipanda. Kazi ikafanyika kwa siku moja. Ukurasa wa ndoa ukaanza na fungate na kuishia kwenye posa. Ukurasa wa uji wa watoto wachanga ukaanza kwa kumlisha mtoto, na habari ya kuchemsha maji ikaja baada ya mtoto kulala. Ukurasa wa mazishi sitausema. Mtunzaji Msaidizi wa Mwonekano alivalishwa nishani, na katika gwaride la sikukuu ile askari nao walipangwa kwa urefu, wafupi mbele, wakubwa zao wakiwamo.

Nami nikausoma ukurasa wa malango. Dada yangu Hidaya, aliye mkubwa kwangu na ambaye miguu yake ilikwisha kumkataa, alikuwa akiishi Bondeni katika nyumba aliyoijenga Mwinyikombo kwa mikono yake. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kuketi juu ya mlima. Nilivaa kanzu na koti, nikaenda mjini kuripoti.

*

Idara ya Kasoro Ndogo iko ghorofa ya juu kabisa ya jengo la Mwonekano. Mpokeaji wake anaitwa Bwana Taufiki, kijana mnene wa uso, mwenye kucha zilizotunzwa kuliko kazi yake.

"Shikamoo, mzee," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Nimekuja kuripoti kasoro."

"Ndogo au kubwa?"

"Kubwa."

"Hapa tunapokea ndogo."

"Idara ya Kasoro Kubwa iko wapi?"

"Haijafunguliwa, mzee wangu. Kasoro kubwa haijawahi kupatikana."

Nilivuta pumzi. "Basi yangu ni ndogo."

"Unaona? Tayari tunaelewana."

Nikamweleza habari ya sentensi mbili, lango la juu, lango la chini na mtaa wa Bondeni. Akaufungua ukurasa kwenye kompyuta yake, akautazama kwa makini ya mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

"Ukurasa unafunguka vizuri," alisema. "Herufi zinasomeka. Picha ya Mtunzaji Mkuu inaonekana, na anatabasamu. Nimeyafuata maelekezo hapahapa mezani, na hakuna maji yaliyoingia ofisini. Kwangu inafanya kazi."

"Bwana mdogo, ofisi yako iko ghorofa ya juu."

"Siwezi kwenda kujaribia nyumbani kwa kila mtu, babu. Lakini kwa kuwa sisi ni watu wazi, nitaipokea."

Akaandika kasoro yangu kwenye kibandiko cha manjano, akakibandika ukutani katikati ya vibandiko vingine vingi, na chini yake akagonga muhuri: NDOGO. IMEHIFADHIWA WAGENI.

Nilimuuliza maana ya maneno hayo, naye akanieleza kwa fahari. Katika nchi yetu kasoro ndogo haziguswi ovyo. Huwekewa wageni, yaani watu ambao hawajawahi kurekebisha kitu chochote, ili wapate pa kuanzia na waone raha ya kulitumikia taifa. Mtu mwenye ujuzi akithubutu kurekebisha kasoro ndogo amemwibia mgeni, na wizi una adhabu yake.

"Nipe mimi," nilisema. "Ni kubadilishana nafasi kwa sentensi mbili. Nitamaliza kabla chai yako haijapoa."

"Wewe ulikuwa mkaguzi wa shule. Umerekebisha watu maisha yako yote."

"Basi rekebisha wewe."

"Mimi kweli sijawahi kurekebisha kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwamini. "Lakini nikirekebisha hiki nitaacha kuwa mtu wa namna hiyo, na hiyo ndiyo sifa iliyonipatia cheo."

"Wageni wenyewe wako wapi?"

"Wanajiandikisha kwenye tovuti. Pana kiungo, wanakibonyeza."

"Nilikibonyeza jana. Hakiendi popote."

"Ndiyo, kimekufa. Kasoro hiyo imesharipotiwa." Akanionyesha kibandiko kilichofifia kwa jua. "Ni ndogo. Imehifadhiwa wageni."

*

Msomaji asidhani kwamba kuripoti kunatosha. Nchi huria haitaki kubebeshwa malalamiko ya watu waliokwisha kuridhika, na mtu anayenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhika. Kwa hiyo kila asubuhi Bwana Taufiki hutembea kando ya ukuta akiuliza mbele ya kila kibandiko, "Bado?" Mwenye kasoro akijibu, kibandiko kinaishi. Asipojibu, kinabanduliwa, na katika tovuti kasoro hiyo huandikwa kwamba imefungwa kwa ridhaa.

Hapo mwanzo watu walikuwa wakijibu kwa hotuba, na kazi ikachelewa. Ikaamuliwa kwamba kukohoa kunatosha. Nilipofika asubuhi ya pili nilikuta ukumbi umejaa watu wazima wenye afya njema wakikohoa kama wodi ya kifua. Mama mmoja mjane alikohoa kwa ajili ya kiungo kilichopaswa kumpeleka kwenye ratiba ya zahanati, kikawa kinampeleka kwenye wimbo wa taifa. Alikwisha kuujua wote, beti za katikati zikiwamo. Mzee wa soko alikohoa kwa ajili ya ramani iliyoweka choo cha umma mahali pa kisima, na kisima mahali pa choo.

"Na ile ya ramani watu wameifuata?" nilimuuliza.

"Wachache," alisema. "Waliosoma."

Mimi nilifunzwa kwamba mtu mwenye heshima hakohoi mbele za watu bila kitambaa. Nilibeba kitambaa. Nikakohoa kwa ajili ya nyumba ya Mwinyikombo, asubuhi baada ya asubuhi, na mawingu yakizidi kuwa meusi.

Asubuhi moja uvumilivu ulinishinda. Badala ya kukohoa nikasema, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye paredi, "Mvua ikinyesha, watu watakufa."

Bwana Taufiki akatazama huku na huku kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe. Mchana wake niliitwa mbele ya Baraza la Upole, ambalo ni Bwana Taufiki huyohuyo akiwa amevaa joho.

"Mchangiaji Idarusi," lilisema Baraza, "unashtakiwa kwa ukali wa sauti, kwa kutumia neno la kufa katika ukumbi wa umma, na kwa kutotanguliza shukrani. Watu waliojitolea kuipamba tovuti wana moyo. Ulifikiria moyo wao?"

"Nilikuwa nikifikiria mapafu ya dada yangu."

"Umeona? Huo ndio ukali wenyewe."

Baraza likaniandikia upya ripoti yangu kwa lugha ya upole. Ilisomeka hivi: Kwanza natoa shukrani kwa kazi nzuri sana. Pili, huenda maji, kwa maoni yangu mimi nisiyejua, yangependa kuelekezwa kidogo. Nikaambiwa nitie sahihi. Nilisema kwamba jina la Shomari halijawahi kuandikwa chini ya sentensi ya kipumbavu, wala halitaanza siku ile. Kwa hilo nilihukumiwa kunyimwa maneno katika jengo lote la Mwonekano. Kukohoa niliachiwa, kwa kuwa nchi yetu haimzibi mtu mdomo.

*

Nilikwenda malangoni mwenyewe. Mlinzi siku hizi ni Bi Sikudhani, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye baba yake aliwahi kubeba mawe pamoja na baba yangu. Nilimkuta akiyatia grisi magurudumu ya lango la chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona ukurasa?"

"Nimeuona."

"Na unajua umegeuzwa?"

"Mwalimu, maji yanajua. Mimi nani nisijue?"

"Basi siku ikifika, utafungua lipi kwanza?"

Aliendelea kupaka grisi. "Nikifungua lazima nipige simu makao makuu, nisome sentensi, nitende ilivyosema, nisome inayofuata. Wao wanafuata kwenye kompyuta. Aliyenitangulia alifungua kwa kumbukumbu zake. Maji yalikwenda vizuri kabisa, hata bata hakulowa. Yeye yuko ndani mpaka leo."

"Kwa kosa gani?"

"Ukinzani na ukurasa."

"Na Bondeni?"

"Mwalimu, nina watoto, na naishi na mama mkwe." Akaninyooshea kitambaa nifute koti langu lililogusa grisi. "Wewe mtoe Bi Hidaya. Mimi nitasoma polepole. Nitajifanya sioni vizuri. Zaidi ya hapo usiniombe."

Sikumwomba. Nilimchukia njia nzima ya kurudi, kisha nikaona kwamba ninamchukia aliye karibu kwa sababu walio mbali wana askari mlangoni.

*

Siku ya Ijumaa mvua ilianza alfajiri. Sikwenda kukohoa. Nilikwenda Bondeni.

"Idarusi," alisema dada yangu kutoka kitandani, "umekuja na koti lenye doa. Mama angekupiga."

"Dada, tuondoke. Nyumbani kwangu pana nafasi."

"Nyumbani kwako mnakula saa mbili usiku kama walinzi. Siendi."

"Maji yatakuja."

"Maji yamekuwa yakipita hapo ubavuni tangu sijaota meno. Baba alikuwa akifungua malango, mimi nimelala, na hayakuwahi hata kuniamsha. Nani ameyabadilisha tabia?"

"Waziri."

"Wa maji?"

"Wa mwonekano."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mdogo wangu, umezeeka. Nipe chai, kisha unieleze vizuri."

Nikampa chai, nikamweleza vizuri. Hakucheka tena. Alitazama kuta, akatazama boriti ambazo Mwinyikombo alizipandisha akiwa kijana, akasema, "Sitaiacha nyumba ya babu kwa sababu ya mjinga mmoja."

"Si mmoja, Dada."

Tulikuwa bado tunabishana pale adhuhuri, watu wakitoka msikitini, tuliposikia sauti kutoka juu ya mtaa. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama watu wengi wanaosogeza samani. Bi Sikudhani alisoma polepole kadiri alivyoweza, lakini sentensi iliyokuja kwanza ilikuwa na maneno manne tu. Maji yaliingia mtaani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakiwa yamebeba kuku, masufuria na kiti cha kinyozi. Majirani waliung'oa mlango wa mbele wa nyumba ya Mwinyikombo, mlango wa mbao nzito wenye nakshi, wakamlaza dada yangu juu yake, wakambeba vichwani kama jeneza linalozungumza.

"Msiinamishe upande wa miguu," alikuwa akisema. "Idarusi, mwambie huyu wa kushoto anyooke. Hakusoma kwako huyu?"

Tulipofika mlimani aligeuza kichwa. Nyumba ilikuwa imekwisha kupiga magoti.

*

Tume ya uchunguzi ilifanya kazi kwa uwazi mkubwa, ikionyeshwa moja kwa moja kwenye tovuti, katika ukurasa usiofunguka. Iligundua mambo yafuatayo. Kwamba mlinzi wa malango alifuata maelekezo bila kuruka hata nukta moja, kwa hiyo apongezwe. Kwamba ukurasa wa malango ulikuwa mzuri, kwa hiyo usiguswe. Kwamba kasoro iliyowahi kuripotiwa na Mchangiaji Idarusi ilifungwa kwa ridhaa yake mwenyewe asubuhi ileile ya Ijumaa, kwa kuwa Bwana Taufiki aliuliza "Bado?" na hakuna aliyekohoa. Hivyo kufikia adhuhuri, maji yalipoingia, palikuwa hapana malalamiko yoyote.

Lakini Mtunzaji Mkuu ni mtu wa huruma, na hakuridhika. Alikuja mwenyewe, akasimama juu ya kilima akishikiwa mwavuli na watu wawili.

"Ndugu Wachangiaji," alisema, "wapo wanaodai kwamba ukurasa wetu una kasoro kwa sababu maji, yakifuata ukurasa huo, hupita Bondeni. Nimelifikiria jambo hili bila kulala. Na mimi nawauliza: kasoro iko kwenye maji, kwenye ukurasa, au kwenye Bondeni? Maji ni kazi ya Mungu. Ukurasa una nishani." Akatutazama mmoja mmoja ili tufikirie pamoja naye. "Leo hii nimeagiza marekebisho."

Na kweli, kabla ya magharibi marekebisho yalikuwa yamefanyika. Niliifungua tovuti kwenye simu nikayaona. Sentensi mbili za malango zilikuwa palepale, fupi juu na ndefu chini. Katika ramani ya taifa, ubavuni mwa mfereji, pale palipoandikwa Bondeni, palikuwa pamepakwa rangi safi ya kijani. Maji yaliweza sasa kupita yanavyotaka bila kumdhuru mtu yeyote anayejulikana. Chini yake paliandikwa: IMETATULIWA. SHUKRANI KWA MCHANGIAJI IDARUSI BIN SHOMARI KWA KUTUONYESHA. Jina la baba yangu limewekwa hapo, katika tovuti ya wapumbavu, na hakuna kitufe cha kuliondoa.

Watu wa Bondeni walipokwenda kuomba mahema waliulizwa wanatoka wapi. Walipojibu, karani aliitazama ramani, akawaambia kwa upole kwamba wamekosea.

Dada yangu sasa anaishi kwangu na anakula saa mbili usiku. Ule mlango wa nakshi umeegemezwa ukutani uani. Kila asubuhi ananiuliza atarudishwa kwake lini, nami kila asubuhi ninatafuta koti langu kana kwamba limepotea.

Maana nimeripoti upya. Nimeripoti kwamba katika ramani ya nchi hii mtaa mmoja umekosekana. Bwana Taufiki alikipokea kibandiko changu, akatoa muhuri wake, na sikuhitaji kusoma alichokigonga. Ni ndogo. Imehifadhiwa wageni.

Kwa hiyo nawageukia nyinyi, wajukuu zangu na vijana wa rika lenu, mnaokaa barazani kwangu mkizikodolea macho simu zenu na kujibu "ndiyo, babu" kabla sijamaliza kusema. Wekeni simu chini. Simama, wewe uliyejiegemeza. Sheria ya nchi hii inasema kwamba atakayeirudisha Bondeni ni mtu ambaye hajawahi kurekebisha kitu chochote tangu azaliwe. Nimewatazama kwa muda mrefu, kwa jicho la mkaguzi, nami nathibitisha kwamba sifa hiyo mnayo nyote. Kile kiungo kilichokufa cha kujiandikisha wageni, anzeni nacho. Kesho asubuhi, kabla Taufiki hajafika ukutani, nataka niwakute pale mmepanga mstari, mmenawa nyuso, mashati ndani ya suruali. Mimi koo limekauka. Atakapouliza "Bado?", nataka jengo lile litikisike kwa kukohoa kwenu, na asiwepo hata mmoja wenu atakayenyamaza akahesabiwa kuwa ameridhika.